Kola ya rimoti ya mbwa: msiulize ipi kali

Mhariri,

Nina duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa Masasi, karibu na soko la Mkuti. Kabla ya duka nilikuwa afisa mifugo wa kata mpaka nilipostaafu, ndiyo maana watu wananiita Dokta na nimeshachoka kuwakatalia. Kila mwaka salfa ikianza kupulizwa kwenye mikorosho huwa nayajua maswali yatakayokuja kaunta: salfa bei gani, bomba lipi halisumbui, ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, unasikia dawa ya maji au ya unga. Mwaka huu limeongezeka moja. Mtu anatoa simu mfukoni, ananionyesha tangazo la kola ya mbwa yenye rimoti, ile inayompiga mbwa shoti ukibonyeza, kisha anauliza: "Dokta, kati ya hizi ipi kali?"

Naomba nafasi niwajibu wote kwa pamoja, maana swali lenyewe limekaa vibaya na matangazo yanazidi kulipotosha.

Tangazo linakuwa na mbwa mkubwa wa Kijerumani ameketi kwenye majani mabichi, majani ambayo huku kwetu Agosti huyaoni, na chini yake kuna namba: mita 1,000, levo 99 (yaani ngazi za nguvu ya shoti), haipitishi maji, chaji wiki mbili. Mnunuzi anashika ile namba kubwa. Mimi ningeanza na ndogo kuliko zote. Levo ya 1 inamfanya nini mbwa? Ya 2 je? Ukitoka 5 kwenda 6, nguvu inaongezeka kidogo au inaruka? Kola ambayo levo yake ya chini kabisa tayari inamrusha mbwa haifai hata ukipewa bure. Na ile ambayo levo za chini hazisikiki, halafu ghafla moja inapasua, hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu inamdanganya anayeshika rimoti.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni mkanda wa shingoni wenye kisanduku kidogo, na upande wa ndani wa kisanduku kuna vijiti viwili vya chuma vinavyogusa ngozi. Rimoti unabaki nayo wewe. Nyingi zina vitufe vitatu vya kazi. Kimoja kinatoa mlio, kimoja kinatetemesha kisanduku, cha tatu kinapeleka shoti. Shoti yenyewe inapita kati ya vile vijiti viwili tu, hapo hapo kwenye ngozi, haimzunguki mbwa mwili mzima. Kwa hiyo haiui kama wengine wanavyoogopa, ila kutokuua hakutoshi kuwa sababu ya kununua kitu.

Zilianzia Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa mbwa wa kuwindia, na hizo za mwanzo zilikuwa kali kweli. Siku hizi kampuni zinazojua kazi zinashindana katika kuigawa nguvu vipande vidogo vidogo: Dogtra wana kola za levo 127, kola iitwayo Mini Educator ina 100. Hata hivyo levo si kipimo kama kilo au lita. Levo 20 ya kampuni moja haina undugu na levo 20 ya nyingine, na kola ya bei rahisi inaweza kusoma 99 kwenye kioo wakati ndani yake kuna nguvu nne au tano tu zinazotofautiana. Nimeziona za kuanzia elfu sabini mpaka zaidi ya laki sita, na mara nyingi tofauti ya bei iko hapo, kwenye levo za chini ambazo tangazo halizitaji.

Kwa hiyo namba ya kwenye boksi iacheni. Jaribuni kwenye mkono. Weka vijiti kwenye nyama ya ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, vibane vigandame, anza na sifuri, panda moja moja. Unatafuta ile levo ya kwanza ambayo unahisi kitu kinatekenya ngozi. Ukishaipata, ongeza moja, kisha moja tena, usikilize kama inakua taratibu.

Mteja wangu mmoja wa Chiungutwa aliagiza yake Dar es Salaam, ikaja na basi. Ana mbwa wawili wanaolinda mihogo isiliwe na nguruwe pori, na mmoja anaitwa Watajiju. (Majina ya mbwa wa huku nusu yake ni salamu kwa jirani, na jirani mwenyewe anajua, anaisikia kila jioni mbwa anapoitwa kula.) Tukafungua boksi juu ya kaunta, akakunja shati. Levo ya 1, kimya. Ya 2, ya 3, ya 4, kimya, akaanza kucheka kwamba wamemuuzia mdoli. Ya 5, mkono uliruka wenyewe, kisanduku kikaenda kuangukia kwenye pakiti za dawa ya minyoo. Alikitazama pale kilipolala, hakutaka kukiokota. "Dokta," akasema, "na hii inaendelea mpaka 99?"

Alipompigia muuzaji kutaka kuirudisha, akaambiwa boksi limeshafunguliwa. Sasa mtu atajuaje kilichomo bila kulifungua?

Kuna jambo lingine ambalo sijaona tangazo likilisema, nalo ni mkanda uliolegea. Mwenye mbwa anaufunga kwa huruma, unazunguka shingoni kama unavyotaka, kisanduku kinaning'inia, vijiti vinagusa manyoya badala ya ngozi. Anabonyeza levo 8, mbwa hana habari. Anapanda 15, anapanda 30. "Huyu mbwa sugu!" Anafika 50. Mbwa anainama kunusa kitu, kisanduku kinateremka, vijiti vinakaa ngozini sawasawa, na zile 50 zinaingia zote kwa mpigo. Mbwa anapiga yowe, anakimbia asikokujua. Kuanzia hapo chochote kilichokuwa mbele yake wakati ule, mbuzi, pikipiki, mtoto aliyekuwa anapita na ndoo, kichwani mwake ndicho kilichomuumiza. Nimeletewa mbwa wa hivyo akiwa ameanza kung'ata watoto wenye ndoo, na mwenyewe analalamika kola ni mbovu. Kola ilikuwa nzima. Mkanda ndio ulihitaji kukazwa matundu mawili.

Ifungwe juu, karibu na masikio, kisanduku kikae ubavuni mwa shingo na si kwenye koromeo, na chini ya mkanda kidole kimoja kipite kwa shida kidogo. Ndani ya boksi kwa kawaida kuna vijiti vifupi na virefu. Mbwa wetu wa kienyeji wana manyoya mafupi, vifupi vinawatosha. Virefu ni vya mbwa wa manyoya mazito. Ukishafunga, tafuta levo ya mbwa wako kama ulivyotafuta ya mkono wako, akiwa ametulia, hakuna mbuzi wala kelele. Sikio likicheza, akiacha kunusa, akigeuza shingo kutafuta nzi asiyekuwepo, umefika. Akilia umepita, rudi chini.

Umbali nao unanunuliwa kwa pupa. Mita 1,000 za kwenye boksi zimepimwa uwanja mtupu, hakuna mti wala kilima. Shamba la korosho lililopandwa kwa mita 12 kwa 12 lina mistari 25 ndani ya mita 300, na mkorosho uliokomaa matawi yake yanafagia chini. Ongeza vilima vyetu hivi vya mawe. Wewe ukiwa upande huu wa Mtandi na mbwa upande wa pili, rimoti ni mzigo tu mfukoni. Na tuseme imefika: unabonyeza kwa mbwa usiyemwona, anafanya nini wakati huo? Labda ameshamwacha mbuzi, amegeuka, anarudi kwako mbio. Umemfundisha kwamba kurudi kwako kunauma. Sikushauri ubonyeze kwa mbwa ambaye humwoni, kwa hiyo umbali unaoweza kuona kati ya mikorosho ndio umbali wa kununua. Kola inayofika mita 200 au 300 kwa uhakika inatosha shamba la mtu wa kawaida, na pesa ya mita zilizobaki aiweke kwenye levo.

Kujua mbwa yuko wapi ni kazi ya njuga, na wazee wa huku walizivalisha mbwa kabla rimoti haijafikiriwa. Anayetaka kola ndefu kwa ajili ya kwenda kuwinda nyama, aanze na kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haijali mbwa wako amevaa nini.

Maji na chaji nitasema kwa kifupi. Tafuta alama ya IPX7 kwenye kisanduku, maana yake kinahimili maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Rimoti isome peke yake, mara nyingi haina alama hiyo. Ndugu zangu wa Mikindani na Msimbati ambao mbwa wao wanaingia baharini, isuuzeni kwa maji ya bomba kila mara, chumvi inakula vijiti. Na hakikisheni inachajiwa kwa waya wa kawaida wa simu. Yenye chaja yake ya peke yake, siku chaja ikipotea, hapa Masasi hupati nyingine.

Kubwa zaidi ni muda wa kuvaa. Kola si hirizi, haikai shingoni usiku na mchana. Watengenezaji wenyewe wanaandika kwenye kijitabu kwamba isizidi saa 8 hadi 12 kwa siku, na kila baada ya saa moja au mbili isogezwe kidogo, lakini kijitabu kinakuja kwa Kiingereza au Kichina na kinaishia kufungia karanga. Vijiti vikibana sehemu moja muda mrefu, damu haipiti vizuri pale na ngozi inakufa. Vinatokea vidonda viwili vya mviringo, sawa sawa na vijiti. Watu wakiviona wanasema mbwa ameunguzwa na umeme. Mbwa mmoja wa mlinzi wa ghala aliletwa dukani na vidonda hivyo, nikamwambia mlinzi aniwashie rimoti. Haikuwaka. Betri ilishakufa zamani, hakukumbuka lini, kola ilikuwa bado imefungwa. Kulikuwa na funza tayari, na kwa joto letu hili na nzi wetu, funza hawahitaji kukaribishwa. Nilinyoa manyoya, nikaosha, nikampa dawa. Kola nilimwambia aitundike ukutani.

Hapa kuna jambo la kwetu ambalo mtengenezaji wa Marekani hawezi kulijua. Wateja wangu wengi ni Waislamu, na mbwa wanamfuga kwa ile ruhusa inayojulikana: kulinda shamba, kulinda mifugo, kuwinda. Mzee mmoja wa Newala aliyehiji aliniambia waziwazi kilichomvutia kwenye kola. "Nitamtawala bila kumgusa, mate yake yasinifikie." Nikamwambia, "Shikamoo Alhaji, sasa asubuhi atakayemvalisha ni nani, na jioni atakayemvua na kufuta vile vijiti?" Akafikiri. "Mjukuu," akasema. Nikamwomba basi mjukuu ndiye aje nimwelekeze, na rimoti akae nayo yeye. Sikusema kwa utani. Pale ambapo mwenye rimoti hashiki kola kwa mkono wake, ndipo kola inapokaa shingoni wiki nzima na hakuna anayejua kuna kidonda. Kama tatizo ni mate, glavu ninazo, na si ghali.

Wenye mbwa wawili kwa rimoti moja waangalie swichi ya kuchagua mbwa kama inashikika bila kuitazama, vinginevyo aliyetulia atapigwa kwa kosa la mwenzake. Na kuna kola nyingine zinauzwa bega kwa bega na hizi, hazina rimoti, zinapiga zenyewe mbwa akibweka. Mtu mmoja alitaka kununua hiyo kwa mbwa wa ulinzi. Nilimuuliza mwizi akija mbwa afanyeje, atume meseji?

Sasa niseme ninachoamini, wauzaji wanisamehe. Mbwa wengi ambao wenyewe wanakuja kuniuliza kola yao hawajawahi kufundishwa kitu chochote. Jina lake anatajiwa wakati wa kufukuzwa jikoni. Kola haimfundishi mbwa neno jipya, inamkumbusha neno ambalo tayari analijua. Asiyejua maana ya "njoo" akipigwa shoti anajua kitu kimoja tu, kwamba ameumia. Kwa hiyo kwanza kamba. Mita 10, nyepesi, na dagaa wachache mfukoni. Unamwita mara moja, huna haja ya kurudia. Asipokuja unavuta kamba polepole mpaka afike, akifika anapata dagaa na neno zuri. Unaanza uani, unakwenda njiani, unamalizia karibu na mbuzi. Inachosha, ndiyo. Dagaa nao wamepanda bei. Lakini wengi wakifika hapo kwenye mbuzi wananiambia kola hawaihitaji tena.

Wala si maneno yangu peke yangu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha utafiti wa mbwa 63 ambao wengi wao shida yao ilikuwa kutorudi wakiitwa au kufukuza mifugo, yaani shida ile ile ya mbwa wa huku. Kundi moja lilifundishwa kwa kola na wakufunzi waliozizoea, makundi mengine mawili bila shoti. Wenye mbwa waliridhika katika makundi yote matatu, kola haikuonyesha faida ya ziada, na mbwa waliozivaa walionyesha zaidi dalili za wasiwasi. Hao ni wakufunzi wanaoishi kwa kazi hiyo. Sisi huku rimoti inashikwa na mtu aliyetoka shambani kachoka, ana hasira, mbuzi wa jirani ameshaumia na jirani yuko getini anapiga kelele. Wales walizipiga marufuku mwaka 2010. Kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama, na anayebonyeza levo 60 ili kumkomoa mbwa asidhani haimhusu.

Mimi sisemi zipigwe marufuku huku. Nasema hivyo nikiwa najua kinachompata mbwa anayeua mbuzi wa watu katika vijiji vyetu. Hapewi nafasi ya pili. Anapigwa marungu au anategewa nyama yenye sumu, na sumu hiyo mara nyingine inaliwa na mbwa asiyehusika. Mbwa wa namna hiyo, akiwa ameshaijua kamba na bado mbuzi akimwona anasahau kila kitu, kola nzuri kwenye mkono uliotulia inaweza kumwokoa. Wapo, ila ni wachache kuliko wanaoniletea simu nichague.

Na wapo ambao nawakatalia papo hapo. Mbwa chini ya miezi sita, mbwa mgonjwa, jike mwenye mimba, hao hapana. Mbwa mkali kwa watu, hapana, kwa sababu kila mtu atakayekuwa mbele yake wakati wa shoti anazidi kuwa adui. Mama mmoja wa hapa mjini alitaka kola haraka kwa sababu mbwa wake mpole amebadilika ghafla, anang'ata miti, anashindwa kumeza. Hiyo si kazi ya kola hata kidogo. Nilimwambia asimkaribie, azuie watoto, nikampigia afisa mifugo. Mbwa akibadilika hivyo fikirieni kichaa cha mbwa, na aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali kwa chanjo siku hiyo hiyo, asisubiri kuona mbwa ataendeleaje.

Nina maombi kwa pande mbili. Wauzaji, wa Kariakoo na hawa vijana wa Mtwara mjini wanaouza kwa simu: mruhusuni mteja afungue boksi na ajaribu kwenye mkono wake kabla ya kulipa, na wekeni karatasi moja ya Kiswahili. Hata ukurasa mmoja, useme kufunga, muda wa kuvaa, na kuanza na levo ya chini. Kama mnaogopa mteja akijaribu hatanunua, basi na nyinyi mnajua mnauza nini.

Halmashauri zetu nazo zina nafasi nzuri ambayo hazijaitumia. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti kichaa cha mbwa, na mimi nilishika sindano kwenye mistari ile ya chanjo. Walioleta mbwa wengi walikuwa watoto. Mbwa kafungwa kamba ya katani, mtoto kavutwa mpaka kandambili imebaki nyuma, mzazi haonekani. Siku za chanjo bado zipo, watoto bado ndio wanaoleta mbwa, na hao ndio watakaoachiwa rimoti waichezee. Afisa mifugo akiwa na kola moja mezani na dakika kumi, akawaonyesha vijiti, akawawekea levo ya 1 mkononi wakatekenyeka wakacheka, wataelewa haraka kuliko baba zao. Siku hiyo hiyo akague shingo za mbwa waliokuja na kola. Hakuna gharama hapo isiyokuwepo tayari.

Wanaouliza kama ninaziuza: siziuzi. Lakini mwenye yake mpya ailete dukani kabla hajamvalisha mbwa, tutaijaribu kaunta bila malipo, aje na shati linalokunjika. Kamba ya nailoni ipo, naikata kwa mita.

Mama wa duka la dawa za mifugo,
Mkuti, Masasi